Hatua Ishirini za Kurudi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata nikitaka kuisahau, miguu yangu inakataa. Nikikanyaga majivu ya jikoni kwa mama yako, naikumbuka. Leo asubuhi uliponionyesha simu yako, pale mnapopanga safari ya kwenda kaskazini kuuona mlima unaotoa moto, niliikumbuka tena na chai ikanipoa mkononi. Ukadhani nimekasirika kwa sababu unasafiri. Sikukasirika, nenda zako ukaone dunia. Kilichonishtua ni maneno ya mwenzenu Neema, yule mnayemwita mchekeshaji wa ofisi. Ameandika, "Mimi nimechoka jamani, nendeni tu, mkirudi hamtanikuta." Nanyi wote, wewe ukiwemo, mmemjibu kwa vikatuni vya kucheka. Sasa kaa hapo kwenye mkeka nikusimulie, halafu utamalizia kufunga begi.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimetoka kwetu Kibuta, huko Kisarawe, nikaja kuwa fundi kwenye gereji moja hapa Kibaha. Marafiki zangu walikuwa wawili. Salumu, mtu wa Mlandizi, alikuwa dereva wa lori, mpole na mwenye woga kidogo. Masanja alikuwa utingo wake, Msukuma, mrefu, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Mimi Mzaramo, yeye Msukuma, kwa hiyo tulikuwa watani.

Ninyi utani mmeubakiza kwenye mpira. Kwetu sisi ulikuwa jambo zima. Mtani anaingia kwako bila hodi, anakula chakula chako, anavaa shati lako, anakuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umeshindwa, na utachekwa mpaka uzeeke. Hata msibani mtani ana kazi yake. Atalala njiani jeneza lisipite, atamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, na wafiwa watacheka huku wanalia. Ni desturi nzuri, sitaki uje useme baba aliitukana. Mwenye kosa nilikuwa mimi.

Safari moja nilipanda lori lao, tukapeleka nazi Arusha, tukaambiwa tusubiri siku nne mzigo wa vitunguu wa kurudi nao. Masanja akasema ana mjomba wake, mwalimu, kwenye kijiji kilicho chini ya ule mlima, karibu na Ziwa Natron. Twende tukamsalimie, tuuone na huo moto, siku mbili tutakuwa tumerudi. Salumu alisitasita. Mimi na Masanja tukamcheka mpaka akakubali, lori tukaliacha Arusha.

Tulipofika Mto wa Mbu, pale sokoni, Masanja alijiangusha kati ya mafungu ya ndizi nyekundu, akakaza macho na kuzuia pumzi. Akina mama wakaanza kupiga kelele kwamba mgeni amekufa. Mmoja alikuwa ameshavua kanga ya kumfunika, ndipo maiti akainuka na kuomba ndizi. Akapewa tatu. Tulicheka mbavu zikauma, na hilo usilisahau, maana ndilo lililotaka kumuua kesho yake.

Tulidandia Land Rover moja kuukuu iliyobeba unga. Jioni springi ikakatika katikati ya nchi tupu, tukalala juu ya magunia. Asubuhi dereva akasema gari haliendi mpaka aletewe springi nyingine, ila kijiji hakiko mbali sana kwa mguu. Kati ya abiria alikuwamo mzee mmoja wa Kimasai, Lekishon, aliyekuwa anarudi kwake kijijini hapohapo. Akatutazama viatu, akatazama vidumu vyetu vya maji, akasema, "Nifuateni. Msiachane, na maji myaonee huruma."

Mimi nilikuwa nimeshayachezea yangu. Mtu wa Kibuta, mwanangu, ukichimba bondeni kidogo tu maji haya hapa, kwa hiyo nilitawadha kwa fujo kama niko kisimani kwetu, nikaosha uso, nikasukutua, nikaosha mpaka viatu. Sikumaliza saa moja njiani kidumu changu kikawa kikavu. Nikafanya nini? Nikamnyang'anya Masanja cha kwake. Nilikunywa nikashiba, halafu yaliyobaki nikajimwagia kichwani mbele ya macho yake, nikamwambia, "Asante, mtumwa wangu."

Masanja akacheka. "Jimwagie tu. Ukifa hutatupa shida ya kukuosha."

Ndiyo sheria ya utani. Asingeweza kusema anayahitaji. Wala hakumwomba Salumu, kwa sababu angekuwa ameonyesha kwamba limemuuma.

Sijui nikuelezeje nchi ile. Chini ni majivu, meusi na ya kijivu, laini, mguu unazama mpaka kwenye kifundo. Hakuna mti wa kukaa chini yake. Mlima umesimama peke yake, umechongoka, juu kweupe, nami nikadhani ni theluji. Mzee Lekishon akasema si theluji, ni ule uji wa moto, ukishapoa hugeuka mweupe. Mbele kule ziwa lilikuwa linang'aa, na Salumu akafurahi akasema maji si yale. Mzee hakugeuka hata. "Yale ni magadi. Hayo hayo mnayopikia maharage. Ukiyanywa utajuta." Basi tukatembea huku tunayaona maji ambayo si maji, na jua linapanda.

Kufika saa sita mzee alikuwa mbele, mimi na Salumu katikati, Masanja nyuma. Alikuwa ameacha kuimba. Alikuwa ameacha hata kunitukana, na mimi nikafurahi, nikasema moyoni leo nimemshinda Msukuma. Mara nikasikia ananiita.

"Rajabu."

Hakuniita Mzaramo, wala mtumwa wangu. Miaka yote ile tuliyokuwa pamoja hakuwahi kuniita kwa jina langu. Nikageuka, nikamwona ameketi kwenye majivu, hatua kama ishirini nyuma yetu.

"Rajabu, mimi naishia hapa. Niacheni kidogo."

Nikamjibu, "Kaa hapohapo. Tutarudi kukuzika tukipata jembe."

Salumu akacheka, mimi nikacheka, tukaendelea na safari. Mwanangu, nimekaa na sentensi hiyo zaidi ya miaka thelathini na bado inaniunguza.

Tulitembea kitambo. Mzee Lekishon akasimama, akageuka, akahesabu kwa macho. "Mwenzenu?"

"Anatania," nikasema. "Ndiyo tabia yake. Jana alijifanya amekufa sokoni."

"Ulirudi ukamtazama?"

Mzee hakuuliza tena, alianza kurudi kwa hatua ndefu, nasi tukakimbia nyuma yake. Nilikimbia huku namwomba Mungu nimkute amejificha anatuchungulia, hata anipige kofi mbele ya watu wote.

Alikuwa amelala ubavu. Viatu amevivua, amevipanga vizuri pembeni kama mtu anayeingia ndani kwake. Macho nusu wazi. Nilimgusa shingo, ilikuwa kavu, haina tone la jasho, na moto wake ulinifanya nirudishe mkono. Nikamwinamia nikamwita mvivu, nikamwita mla panya, nikamtukana yeye na ukoo wake wote, matusi yote tuliyokuwa tunatupiana gereji. Hakujibu. Sijawahi maishani kutamani kutukanwa kama siku ile.

Salumu alikuwa amebakiza maji kiasi cha vikombe viwili. Mzee alichukua kipande cha nguo, akakilowesha, akampangusa shingoni na kwapani, akamdondoshea matone mdomoni, akatukataza tusimmiminie asije akapaliwa. Kisha akasema, "Mfanyieni kivuli. Nakwenda kuleta maji na punda. Kila nguo ikikauka, ilowesheni kidogo, kidogo sana." Akaondoka. Alikuwa mtu mzima kuliko sisi sote, lakini alikata ile nchi kwa mwendo ambao mimi sikuwahi kuuona.

Tulisimama na kikoi cha Salumu, yeye upande huu na mimi upande ule, mikono juu, kivuli kimwangukie Masanja. Jua likisogea, nasi tunasogea. Mikono iliuma, ikafa ganzi, hakuna aliyeshusha. Pumzi ya Masanja ilikuwa fupifupi, mara nyingine inakatika, nami nasubiri, nasubiri, mpaka irudi.

Salumu akasema, "Rajabu, akifa, mama yake tutamwambia nini?"

"Tutamwambia nilikunywa maji yake," nikasema. "Mengine nilijimwagia kichwani."

Salumu akanitazama, akatazama chini. "Na mimi nilicheka," akasema.

Nilikuwa nalia, sikuficha. Nikaanza kumuuliza yule aliyelala, tena na tena, "Masanja, utani au kweli? Masanja, ni utani au kweli?" Swali la kuuliza pale mwanzo, nilikuwa naliuliza sasa, kwa mtu asiyesikia. Maji yakaisha. Nguo ikakauka. Tukabaki na kikoi tu.

Jua lilikuwa limeanza kulegea tulipoona vumbi. Mzee Lekishon alikuja na vijana wawili, punda wawili na madumu ya maji. Walimmwagia mwili mzima, wakampepea, wakamfunga juu ya punda, tukaenda. Kijijini kulikuwa na mto wa maji baridi unaoshuka kutoka kwenye milima iliyosimama kama ukuta, ya kunywa kabisa, na muuguzi wa zahanati akamtundikia dripu nyumbani kwa mjomba wake. Mimi sikutoka mlangoni.

Jioni ile mzee Lekishon alikuja kumjulia hali. Nilimwamkia, "Shikamoo," akaitikia, akaegemea fimbo yake karibu nami. Nilisubiri anigombeze. Hakupandisha sauti.

"Ninyi watu wa pwani mnacheka vizuri," akasema. "Nimependa njia nzima. Ila alipokuita, mlikuwa mmeachana hatua ngapi?"

"Kama ishirini, mzee."

"Ishirini." Akachora mstari vumbini kwa ncha ya fimbo. "Kurudi hatua ishirini kulikushinda nini?"

Kilichonishinda ni kuchekwa, basi. Niliogopa nikirudi ataruka acheke, nionekane mjinga aliyedanganywa mara mbili.

Kesho yake Masanja alifungua macho, akanitafuta, sauti imekwaruza. "Mzaramo. Maji yangu yako wapi?" Watu wote chumbani wakacheka. Mimi nilitoka nje nikaenda kulia nyuma ya nyumba.

Tuliporudi Kibaha, tuliendelea na utani, tena zaidi. Ila tuliwekeana sharti moja. Mmoja wetu akisema neno lenye maumivu ndani yake, hata kama amelisema kwa kicheko, mwingine ataacha alichoshika, atamsogelea, atamuuliza kwa sauti ya chini, "Utani au kweli?" Na anayeulizwa hatadanganya. Alinijibu "kweli" mara tatu katika maisha yake. Nilimjibu "kweli" zaidi ya hizo, mojawapo ni siku tuliyomzika mdogo wako wa kiume. Salumu naye alilijua swali hilo, akalitumia kwa wanawe.

Unamkumbuka Masanja alivyokuwa mzee, na gereji yake ya pancha pale Misugusugu. Alipofariki mwaka juzi wewe ulikuwa chuo, hukuona. Watu walinisubiri mimi, mtani wake. Nilitimiza kazi yangu. Nilivaa kofia yake, nikatembea kama yeye, nikawatukana Wasukuma wote waliokuja, wakacheka. Jeneza lilipotoka nikajilaza njiani. Na pale chini, mwanangu, nguvu zikaniisha. Nikasema, "Mimi naishia hapa. Niacheni kidogo." Watu wakacheka zaidi, wakapiga na makofi, wakidhani ndiyo mchezo.

Maduhu, mwanawe mkubwa, alikuwa amebeba jeneza upande wa mbele. Akampisha mtu mwingine ashike. Akaja, akapiga magoti kwenye vumbi na suti yake, akaniinamia sikioni. "Baba," akasema, "utani au kweli?"

Sikuwa najua kwamba Masanja aliwafundisha.

Nikamwambia, "Kweli, mwanangu." Akakaa chini pale pale karibu nami, akanishika mkono, na msafara mzima ukasimama kutusubiri mpaka nilipoweza kuinuka.

Basi ninalokuambia ni hili, na ulisikie vizuri. Cheka na wenzako, taniana nao, usiwe mtu wa kununa. Lakini mcheshi naye huchoka, tena akichoka huwa hana namna ya kusema, kwa sababu mmemzoesha kwamba kila alisemalo ni kichekesho. Ukisikia neno linalokukwaruza hata kidogo, rudi. Usiogope kuchekwa. Afadhali urudi mara kumi ukute ni mzaha, kuliko usirudi mara moja tu. Mimi nilipewa nafasi ya pili na mzee nisiyekuwa hata ndugu yake. Usingoje upewe.

Mungu akufikishe salama na akurudishe salama. Akupe miguu myepesi ya kwenda, na moyo mzito wa kumwacha mtu nyuma. Akujalie marafiki wa kukuuliza mara ya pili, nawe uwe wa kuuliza. Majivu ya kule yakanyage kwa niaba yangu, na ukipita kijijini, uliza kaburi la mzee Lekishon, umwamkie.

Haya, begi litasubiri. Chukua simu umpigie huyo Neema, usimwandikie, mpigie usikie sauti yake. Mimi niko hapa hapa, nakusubiri.