Mwanamke wa Arobaini na Tano

Shangazi hakuanza jambo lolote bila kuhesabu. Kabla ya kuinuka kitini, kabla ya kuvuka barabara, kabla ya kupokea simu, kidole chake kiligonga chochote kilichokuwa karibu, paja au meza au ukuta: moja, mbili, tatu, nne. Ndipo akainuka, akavuka, akapokea. Waliompigia simu walijua kusubiri. Kiwandani, alikopakia biskuti kwa miaka thelathini na mmoja, wenzake walimtania kwamba hata mtoa roho akija ataambiwa angoje hesabu iishe.

Wachache walijua desturi hiyo aliitoa wapi. Akiwa na miaka ishirini na miwili aliimba wimbo mmoja wa disko, katika studio ya chumba kimoja, pamoja na kijana mpiga kinanda aliyeazima sintesaiza, kinanda cha umeme. Yule kijana ndiye aliyekuwa akimhesabia mpaka nne kabla hajafungua mdomo. Zilichapwa sahani za santuri mia tatu, nazo hazikuuzika. Mpiga kinanda akahama, studio ikageuzwa ghala la matairi, na Shangazi akavaa kofia nyeupe ya kiwandani. Hakuolewa. Kaka yake alipofariki alimchukua binti yake wa miaka tisa, akamlea, akamsomesha hadi chuo.

Binti huyo ndiye mwenye duka. Ofisi aliyokuwa akifanyia kazi ilipofungwa, alikodi vyumba viwili vyembamba kati ya fundi viatu na duka la fotokopi, akaanza kuuza santuri. Chumba cha mbele kilijaa matoleo mapya na ya zamani yaliyochapwa upya: disko, muziki wa sintesaiza, na ule wa taratibu wa ufukweni ambao wateja wake waliuita balearika. Chumba cha nyuma kilikuwa na sinki, na sinki lilikuwa la Shangazi. Alipostaafu alihamishia kazi yake pale. Aliosha sahani zilizotumika kwa kitambaa laini, akazianika kwenye kichanja cha vyombo, kisha akaandika kwenye jalada la kila moja kasi yake na mikwaruzo yake. Sheria yake ilikuwa moja: sahani ambayo lebo yake haijasomwa haiguswi na sindano.

Jumamosi moja alikuja Mwalimu, mstaafu mwenye tabia ya kupekua makasha yote na kuondoka mikono mitupu.

"Sikilizeni hii," alisema, akainua simu yake. "Huko ng'ambo wanaitafuta kama dawa."

Ukatoka wimbo wa pole, kinanda kikijivuta kama mtu anayetembea mchangani, na juu yake sauti nzito ya kiume. Mwenye duka aliujua. Aliusikiliza mtandaoni kwa miaka mingi, hasa siku zilizomwelemea. Shangazi akatokeza, mikono ikichuruzika maji.

"Kinanda hicho nakijua," alisema. "Na maneno nayajua. Lakini huyu baba anayeimba ni nani?"

"Hajulikani, Shangazi. Huo ndio utamu wake."

"Hajulikani vipi, na mimi nimesimama hapa?"

Kesho yake alileta sahani yake, imefungwa ndani ya foronya. Kwenye lebo paliandikwa kasi ya arobaini na tano, yaani mizunguko kwa dakika. Mambo yakaeleweka. Dijei mmoja wa baa ya ufukweni aliiweka kwa kasi ya thelathini na tatu, kwa makosa au kwa makusudi, watu wakaipenda hivyo hivyo, ikarekodiwa, ikaenea. Msichana wa miaka ishirini na miwili akageuzwa mzee wa makamo.

"Pole, Shangazi," Mwalimu alisema. "Umeota ndevu bila habari."

"Afadhali ningeota na mshahara wa kiume."

Walimwomba waicheze. Akakataa katakata. Ilikuwa imebaki hiyo moja tu, na sindano ya dukani, alisema, ilifaa kulimia viazi.

Mwenye duka aliiandikia kampuni moja inayochapa upya nyimbo za aina hiyo. Wakajibu siku ile ile. Walitaka kuitoa kwa mwendo wa taratibu, kwa kuwa ndio watu waliouzoea. Shangazi alisikiliza barua yote, akavua miwani.

"Waambie nina sharti moja. Nitoke na sauti yangu. Wasipotaka, basi, nimeshakaa bila wao miaka yote hii."

Wakakubali. Akaongeza kwamba sahani mia tano za kwanza zije dukani, azitie majaladani mwenyewe; kazi ya kupakia, alisema, haoni wa kumfundisha. Siku hizo miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba, na daktari alishasema moyo umechoka. Daktari huyo alisema pia kwamba imebaki miezi tu, na akaihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Shangazi alitia sahihi mkataba wa kampuni akiwa kwenye benchi la hospitali.

Kilichobaki kilikuwa kuirekodi ile sahani, ambayo Shangazi aliruhusu ichezwe mara hiyo moja tu, na kuipeleka rekodi kampuni. Mwenye duka aliifanya kazi hiyo peke yake, siku ambayo alikuwa amepanga foleni na Shangazi kliniki tangu alfajiri, akamrudisha nyumbani, akafungua duka saa saba bila kula. Alisafisha sindano. Alitazama nyaya na taa za kupimia sauti. Lebo hakuisoma. Mashine ilikuwa kwenye thelathini na tatu, kama ilivyokuwa wiki nzima. Wimbo ukatoka wa taratibu, wenye ile sauti nzito aliyoipenda, naye hakushtuka, kwa kuwa alisikia kile alichokizoea. Baada ya wiki chache ikaja sahani ya majaribio. Aliisikiliza mara mbili huku akibandika bei, akawaandikia kampuni neno moja: safi.

Mia tano zilipofika, alifungua kasha, akaweka moja mashineni, akasoma lebo. Thelathini na tatu. Alimpigia mtu wa kampuni.

"Mbona mmeuchapa taratibu?"

"Ndivyo mlivyotuletea, dada. Tukadhani mama amebadili mawazo. Na wewe mwenyewe ulituandikia safi."

"Chapeni upya."

"Kiwandani sasa kuna foleni ya miezi minane. Halafu tuseme ukweli, wateja watafurahi."

Miezi minane. Mwenye duka aliketi juu ya kasha, akahisi uchovu wa miaka yote umemkalia mabegani. Hata kulia aliona ni kazi. Ndipo likamjia wazo dogo la aibu. Sahani ile ile, ukiizungusha kwa arobaini na tano, inarudi mwendo wake wa asili. Shangazi angejisikia jinsi alivyokuwa, angefurahi, na asingejua.

Akabeba mashine hadi nyumbani. Shangazi alikuwa ameegemea mito, karibu na dirisha. Mwenye duka akasukuma kitufe, akashusha sindano.

Kinanda kikaruka kama mtoto aliyeruhusiwa kutoka nje. Kisha msichana akaimba, mwepesi, mwenye haraka, akivuta pumzi kwa pua kabla ya kila kibwagizo.

"Nilikuwa na mafua siku ile," Shangazi alisema, macho yamefumbwa. "Sikia. Ndiyo mimi huyo."

Wimbo ulipokwisha akanyoosha mkono apewe sahani. Akaishika pembezoni, kama alivyozishika maelfu nyingine, akavaa miwani. Alisoma lebo. Akaitazama mashine.

"Hapa pameandikwa thelathini na tatu. Wewe umeweka arobaini na tano."

"Labda wamekosea kuchapa lebo."

"Irudishe. Geuza kitufe."

Njia ya mwongo ni fupi. Mwenye duka akageuza. Yule baba akaingia chumbani na sauti yake nzito, akaimba ubeti mzima bila yeyote kuthubutu kumkatiza. Kisha mwenye duka akainua sindano, akasema yote: foleni ya kliniki, lebo ambayo hakuisoma, sahani ya majaribio, lile neno safi.

"Uliisikiliza mpaka mwisho?"

"Mara mbili."

"Umelala chumba kimoja nami miaka minane. Ukishikwa na homa nakuimbia. Hukunijua?"

"Sikukujua, Shangazi. Nilikuwa nimechoka."

Shangazi aligeuza uso dirishani, ambako jirani alikuwa akianua nguo, akamtazama hadi kamba ikabaki tupu.

"Zimeshaondoka?" aliuliza.

"Bado. Wanakuja kuzichukua Ijumaa."

"Basi nipeleke dukani. Kosa likitoka kiwandani linabandikwa karatasi. Tulikuwa tukifanya hivyo kila wiki."

Wa fotokopi aliwatolea karatasi mia tano za mviringo zenye gundi. Shangazi ndiye aliyetunga maneno: *Arobaini na tano. Anayeimba ni mwanamke.* Tangu Jumatatu walikaa wakitazamana katika chumba cha nyuma. Shangazi alipumua kwa shida lakini mikono yake haikusahau kiwanda; alibandika tatu wakati mwenzake anahangaika na moja.

"Hiyo imepinda," alimwambia. "Chuo kizima hawakukufundisha kubandika?"

Mwalimu alipita, akasoma karatasi, akakuna kidevu.

"Na wakiicheza taratibu hata hivyo?"

"Waicheze," Shangazi alisema. "Ila waambiwe kwanza."

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, Mwalimu aliondoka na sahani kwapani.

Jumatano mchana pumzi zilimbana Shangazi, karatasi ikiwa bado imemnata kidoleni. Walimlaza hospitalini. Alhamisi, saa ya kuona wagonjwa, mwenye duka aliingia wodini na macho mekundu, nguo zile zile za jana. Akamwambia zimebaki mia moja na kumi na nne, na kwamba atazimaliza kabla ya kampuni kuja, hata kama hatapata usingizi. Shangazi akamtazama kama alivyozitazama sahani zilizoletwa zikiwa na vumbi, akisaka mikwaruzo. Alimshika kifundo cha mkono.

"Zilizobaki usizibandike ukiwa umechoka, mwanangu," alisema. "Huo uchovu wako ndio uliotufikisha hapa."