Hatukuomba Huruma

Maji ya asidi yalitoka kwenye bwawa la kampuni moja ya madini, yakapita katikati ya shamba letu la Kasungami. Kufikia jioni lengalenga zote zilikuwa zimenyauka kama zimemwagiwa maji ya moto. Mama alilima pale tangu kabla sijazaliwa. Mboga zile ndizo zilizonisomesha hadi nikawa mwalimu.

Wiki iliyofuata akaja mtu wa kampuni pamoja na shefu wa mtaa, na gari lililojaa mifuko ya unga. Alitusalimu vizuri, akampa mama karatasi atie saini. Mama haoni vizuri, akanipa niisome. Ilisema familia yetu inaishukuru kampuni kwa msaada wake.

"Ni don tu, mama, zawadi," yule mtu akasema. "Kampuni iko na huruma."

"Miye sikuomba huruma, baba. Muliharibu shamba yangu. Muandike fidia."

Akatabasamu. Kwake fidia au msaada ni neno tu, unga ni ule ule. Nilimjibu: msaada anautoa mtu asiye na kosa, tena kesho anaweza kuacha. Fidia anailipa aliyeharibu, kwa kadiri alivyoharibu.

"Mwalimu, acha mambo mingi," shefu akaniambia. "Bantu biko na njaa."

"Njaa tuko nayo," mama akasema. "Lakini ile karatasi siweke mukono."

Majirani wengi walitia saini. Sikuwalaumu, wana watoto. Sisi tulimtafuta avoka wa kututetea, tukaanza kwenda mahakamani. Kesi iliahirishwa tena na tena mpaka walinzi wa mlangoni wakawa wanatusalimu kama jamaa. Polepole majirani wawili wakajiunga nasi, ingawa unga walikuwa wameshaula. Avoka alisema kushukuru hakumzuii mtu kudai.

Siku ya hukumu hakimu alisoma kwa Kifaransa. Nilimnong'oneza mama: kampuni imekutwa na kosa, itoe fidia. Aliniomba nirudie, nikarudia. Hakulia. Alijifunga kitenge vizuri, akanyoosha mgongo.

Kampuni imekata rufaa kwenye mahakama ya juu. Hatujapokea kitu, na udongo bado hauoteshi hata majani. Nilipompelekea mama habari hiyo, alikuwa anamenya mihogo ya kununua sokoni.

"Banapanda juu?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Bapande. Na siye tutapanda."