Benchi la Wakohozi

Saa moja asubuhi, Euphrasie Muzaliwa anapangusa kwa maji ya klorini benchi ambalo hakuna anayeliketia. Hatua sita kutoka hapo, kwenye barza, kibaraza cha mbele cha kituo cha afya, wagonjwa kumi na wanane wamebanana juu ya benchi la zamani. Mzee mmoja amejiziba kinywa kwa viganja viwili. Mabega yanamtikisika, machozi yanamtiririka.

"Baba, kohoa tu," Euphrasie anamwambia.

"Hapana, Mama Muganga. Mi niko muzima. Ni mugongo tu inaniuma."

Euphrasie, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu, ni muuguzi mkuu wa kituo hiki kilicho kando ya barabara itokayo Kabambare kwenda machimbo ya dhahabu ya Salamabila. Anahudumia vijiji tisa kwa vitanda vinne na kipimajoto kimoja, ambacho betri yake imekufa tangu msimu wa mvua. Kwa miaka ishirini na sita aliijua kazi yake kama mtu aijuavyo njia ya shambani kwake. Miezi mitatu hii, asema, njia hiyo imempotea.

Yote yalianzia Kasongo, alikoitwa kwa mafunzo ya siku nne. Huko walifundishwa kwamba virusi vya mafua huweza kugeuka na kuwa vya aina mpya, ambayo mwili wa binadamu haujapata kuikabili. Vikishaanza kuenea, huvuka nchi baada ya nchi kabla watu hawajatambua. Kituo kisichojiandaa huwa chenyewe mlango wa ugonjwa. Akapewa kazi mbili: kuwatenga wenye kukohoa, na kuhesabu kila juma wenye kikohozi pamoja na homa. Wakizidi kumi, apige simu Kabambare.

Seremala akachonga benchi la pili. Na kwa kuwa wakohozi hawapaswi kukawia kati ya watu, Euphrasie aliagiza waingie kwanza.

"Hapo ndipo nilipojitegea mtego," asema.

Juma la kwanza walikuwa sita. Juma la tatu, arobaini na mmoja.

Mama Cadette, mkulima wa mihogo ambaye ulimi wake haujui kupumzika, haoni haya kusimulia. "Ule anakohoa anapita mbele. Mi niko na shamba, jua linapanda. Ulitaka nifanye nini? Nikakohoa!"

"Na homa?" anaulizwa.

"Homa pia nikaweka."

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wazee. Ila uongo huu ulifika hadi Kabambare. Euphrasie alipiga simu, na siku ya pili akaja Placide, mkaguzi wa magonjwa wa zone ya afya, yaani wilaya ya kiafya ya huko, juu ya pikipiki iliyopakwa matope hadi taa, na sanduku la baridi mgongoni. Akavaa barakoa, miwani na joho jeupe. Kisha akatoa kijiti kirefu chenye pamba, cha kuingizwa hadi ndani kabisa ya pua.

Barza nzima ikapona papo hapo, wakohozi wote wakahamia benchi la wazima.

"Kohoa, Mama," Placide alimwambia Cadette. Mama akajikakamua, akatoa sauti.

"Ile si kikohozi," Placide akasema. "Ile ni kuita mbuzi."

Watu wakaangua kicheko. Euphrasie hakucheka, alitamani ardhi ipasuke immeze. Ndipo aliposikia, mwishoni mwa benchi la wazima, kishindo kizito cha kifua kikizimwa ndani ya kofia. Alikuwa Radjabu, mchimbaji kutoka Salamabila, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amejiandikisha kuwa anaumwa tumbo. Kipimajoto cha Placide kilisoma thelathini na tisa nukta nne. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu.

"Mbona ulikaa huku, mwanangu?" Euphrasie akamuuliza.

"Mama, kule munaandika jina ya wanaokohoa. Mukinifungia hapa siku kumi, mutu mwingine anaingia mu shimo yangu. Na sisi wote kule mu shimo tunakohoa. Ni vumbi ya mawe. Nitajua je kama hii ni ingine?"

Placide alichukua sampuli ya pua ya Radjabu kwa kijiti chake, akaondoka nayo. Wiki tatu sasa, majibu hayajarudi kutoka Kinshasa. Radjabu alipata nafuu siku ya tano, akarudi shimoni. Waliobanana naye benchini asubuhi ile wametawanyika vijijini mwao.

Mama Cadette, aliyekuwa jirani yake pale, anamaliza masimulizi yake, anageuka, anakohoa mara tatu ndani ya kitenge.

"Ni moshi ya jiko," asema, bila kuulizwa.

Euphrasie amekwisha kuifuta amri ya wakohozi kuingia kwanza, lakini tangu siku ya kijiti benchi jipya limebaki tupu. Mbele yake fomu ya juma inadai namba.

"Waliponipa arobaini na mmoja, walikuwa wazima," asema. "Leo wananipa sifuri. Hii sifuri inaniogopesha zaidi. Sijui tena nimwamini nani, hata masikio yangu."

Jumapili amekusudia kuketi nyuma kabisa kanisani, na daftari lake mapajani. Ijumaa itakayofuata, imamu amemruhusu kusimama nje ya dirisha la msikiti.

"Wakati wa mahubiri mutu hana faida ya kukohoa," asema, "na hana nguvu ya kujizuia saa nzima. Pale nitawasikia."

Nafasi ya namba ameiacha wazi.