Siku Kumi na Moja za Thelathini na Nne

Kwanza niseme wazi kwamba joto silipendi, na miaka hii limenichosha kama mgeni asiyejua kuaga. Hapa Masuguru, Korogwe, ikifika Februari nyumba za bati zinatutoa nje kabla ya adhuhuri. Tunakaa upande wenye kivuli, kivuli kikihama nasi tunahama na mikeka yetu. Kwa hiyo nikisimulia habari za jirani yangu Sadala, aliyemaliza ujana wake akilipima hilo joto, nasimulia na hasira zangu humo humo.

Sadala ni Mzigua wa Handeni. Alikuja Korogwe kijana kukata mkonge. Shamba lile baadaye lilikufa, wenyewe wakaondoka, ila kisanduku cha kupimia joto kikabaki kimesimama peke yake kwenye majani. Ni kisanduku cheupe cha mbao juu ya miguu minne, kuta zake vibao vya kupishana ili upepo upite na jua lisiingie. Ndani mna kipimajoto cha zebaki. Kila siku saa tatu asubuhi Sadala alitakiwa na ofisi ya hali ya hewa afike, asome joto la juu kabisa tangu jana yake, aandike kitabuni, akung'ute kipimajoto, afunge. Zebaki ile ikishapanda hairudi yenyewe, inakaa pale pale ilipofika mpaka mtu aikung'ute. Ndiyo kazi aliyoifanya miaka ishirini na tisa, nusu saa kwenda kwa baiskeli na nusu saa kurudi, Idi na siku za kazi.

Watu walimtania sana. Mafundi baiskeli wa njiani walikuwa wakimuuliza, "Mzee Sadala, leo umetupandishia ngapi?" kana kwamba yeye ndiye anayelipika hilo joto. Yeye alikanyaga baiskeli akapita. Si mtu wa utani, ana majivuno ya kimya kimya, na majivuno yake yote yalikuwa kwenye vitabu vile. Hawakujaliwa mtoto, yeye na mke wake. Alikuwa na Zuena na alikuwa na vitabu.

Miaka saba iliyopita, mwezi wa pili, Zuena alizidiwa na moyo. Alilazwa, akapewa dawa, akarudishwa nyumbani tukiambiwa apumzike mahali penye ubaridi. Mahali penye ubaridi, Masuguru, mwezi wa pili. Tuliwaza kumpeleka Vugiri kule milimani, lakini kwa moyo ule asingefika hata nusu ya kilima. Basi tukakaa naye. Mimi nilimpepea kwa ungo, shemeji Sadala akawa analoweka kanga kwenye ndoo, anaikamua, anamfunika kifuani. Siku tisa hakutoka nje ya ua ule. Sikumuuliza habari za kisanduku, wala yeye hakukitaja.

Siku ya tisa, tarehe kumi na tisa, kanga ilikuwa inakauka kifuani mwa Zuena kabla Sadala hajamaliza kukamua ya pili. Nilikuwa na kanga nne, tukazitumia zote nne, na zote zikakauka. Alasiri Zuena akakata roho. Nilimwosha mimi na mawifi zake, na maji ya ndoo yalikuwa ya moto kama yaliyotoka jikoni.

Tulimzika kesho yake asubuhi. Siku mbili baada ya mazishi, matanga hayajavunjwa, Sadala akapanda baiskeli akaenda kwenye kisanduku chake. Watu wakasema. Na mimi nilisema, sitaki kujitakasa. Nilisema huyu mwanamume alioa kipimajoto. Alichokifanya kule asubuhi ile hakumwambia mtu, na sisi hatukuwa na hamu ya kujua.

Mwaka huu akaja Raheli. Ni binti kutoka ile ofisi ya hali ya hewa, kazi yake kukusanya vitabu vya zamani ili ipatikane orodha ya joto kubwa kuliko yote lililowahi kupimwa katika kila mkoa. Alifika saa tano jasho linamtiririka, akatuamkia shikamoo, nikampa maji. Sadala akatoa vitabu kwenye sanduku la bati, kila kimoja kimefungwa kwenye nailoni.

Raheli alifungua kimoja, akafungua cha pili, akaacha hata kujipepea. "Mzee, sijaona vitabu kama hivi. Hakuna siku iliyorukwa. Watu kama wewe ndio ninaotakiwa kuwaandikia barua ya pongezi, na jina lako litasomwa kwenye mkutano."

Nilimtazama Sadala. Ana miaka sabini na mmoja na sijawahi kuona mtu akimpongeza kwa lolote. Alikaa wima kidogo kwenye kigoda.

Raheli akafika Februari ile. "Hapa pananishangaza. Mwezi huu vituo vyote vya jirani viliandika joto la kutisha. Nyie hapa ni nyuzi thelathini na nne, thelathini na nne, siku kumi na moja mfululizo. Basi Korogwe mlisalimika."

"Nani kasalimika, mwanangu?" nilimuuliza.

Sadala akaninyooshea mkono. "Mama Ikram, ngoja."

Angeweza kusema ndiyo, tulisalimika. Binti angeandika, angefunga kitabu, barua ingekuja. Aliukodolea macho ukurasa ule mpaka Raheli akadhani hakusikia.

"Hizo namba ni za uongo," akasema. "Sikwenda. Nilikuwa na mgonjwa, kisha nikawa na maiti. Siku isiyosomwa tunatakiwa kuandika kistari. Niliporudi niliona haya kuweka vistari kumi na moja kwenye kitabu changu, nikaweka thelathini na nne. Niliona inafaa kwa mwezi wa pili."

Raheli akaweka kalamu chini. "Na uliporudi, kipimajoto kilikuwa kimesimama ngapi?"

"Arobaini nukta mbili."

Raheli alipitia karatasi zake kwa kidole, juu mpaka chini. Hakuna kituo chochote pale kilichofika huko. "Ya siku gani, mzee?"

"Hapo ndipo niliposhindwa. Kinashika joto la juu, hakisemi la siku gani. Ningeliandika tarehe ipi? Nikakikung'uta." Akauvuta ukurasa karibu. "Lakini siku yenyewe naijua. Ilikuwa tarehe kumi na tisa."

"Umejuaje?"

Nikajibu mimi. Nilimweleza Raheli habari za kanga nne na ndoo, na jinsi zilivyokuwa zinakauka, na saa aliyokufa Zuena. Nilisema taratibu, kwa sababu sikutaka kulia mbele ya mtoto wa watu.

"Mama, mimi nakuamini," Raheli akasema. "Lakini kanga siwezi kuiandika. Arobaini nukta mbili isiyo na tarehe haiwezi kuingia kwenye orodha. Na hizi thelathini na nne nazo haziwezi kubaki. Lazima zikatwe, viwekwe vistari." Akashusha sauti. "Na ile barua, mzee, sidhani kama..."

"Iache," Sadala akasema.

Raheli akaivuta kalamu ili azikate yeye. Sadala akamwomba amwachie. Akauweka ukurasa juu ya goti, akaanza na tarehe kumi na moja, mstari juu ya namba, kistari pembeni, polepole, kwa mwandiko ule ule mzuri. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Nikatamani kumsaidia, lakini hapakuwa na cha kumsaidia. Nilikumbuka niliyoyasema siku ile alipopanda baiskeli matangani, nikaona aibu.

Alipofika tarehe kumi na tisa akasimamisha kalamu.

"Miaka saba, mama Ikram," akasema bila kunitazama, "kitabu changu kinasema siku aliyokufa Zuena ilikuwa siku ya kawaida."

Kisha akaikata.