Bulaimu Atafuta Matairi Miguuni mwa Watu

Ukimwona mtu mzima ameinamia viatu vya waumini mlangoni mwa msikiti, una haki ya kufikiri vibaya. Mimi nilifikiri vibaya. Ijumaa ile nilitoka kuswali nikamkuta jirani yangu Bulaimu, aliyewahi kutoka kabla ya wote, ameshika viatu vyangu na kuvigeuzageuza juani kama anayekagua samaki sokoni.

"Bulaimu, viatu yangu imekukosea nini?"

"Nyamaza kwanza, Asani. Niko nasoma."

Ngoja nieleze, msije mkamwita mwizi bure. Bulaimu ni fundi viatu hapa Kasongo, na ana gari la mbio. Ni jekundu, la viti viwili, na liko chini kiasi kwamba kuku akipita uvunguni lazima ainamishe kichwa. Mgiriki mmoja mwenye duka alimwachia baba yake zamani, akaenda zake. Injini yake iko kwangu, inakoboa mpunga. Tulikubaliana kwa moyo safi, na asitokee mtu wa kuniambia kwamba mbio ni muhimu kuliko wali.

Matairi nayo yana habari yake. Mwaka ule vita vilipofunga barabara, sokoni hakukuwa na hata kiatu cha mtoto. Bulaimu akaliweka gari juu ya mawe, akayakata matairi yote manne, akauvisha viatu mtaa mzima. Tairi halifi upesi. Mpaka leo wengi wetu tunatembelea gari la Bulaimu.

Shida ilianzia kwa binti yake, Soraya. Alipokuwa mdogo alikuwa akishinda ndani ya gari lile akizungusha usukani, na baba yake akamwambia, "Siku ya kuolewa, utatoka kwangu ndani ya hii motokari." Sasa Ibrahim, kijana wa Kabambare, alikuwa ameposa na siku imepangwa. Soraya ni mtoto mwenye huruma. Akamwambia baba yake, "Baba, nitaenda na piki, hakuna shida." Bulaimu aliumia kuliko kama angetukanwa. Ahadi ni deni, akasema, na hakula chakula cha jioni.

Fidèle, mchuuzi anayekwenda Uvira kwa pikipiki kupitia Kabambare, alikubali kumletea matairi kwa sharti moja. "Lete numero. Ya kukadiria sibebi. Na hii barabara yetu, sirudi nayo mara mbili."

Namba za ukubwa, ya upana na ya rimu, huandikwa ubavuni mwa tairi, na mbavu zile Bulaimu alizifanya kanda za viatu. Ndipo alipoanza kusoma miguu ya watu. Alimnyanyulisha mguu muuza mihogo sokoni, akawangojea Wakristo mlangoni mwa kanisa, akaja hata kwenye mashine yangu kuwachungulia wenye mpunga. Hawa, mkewe, akaacha kwenda kisimani kwa haya. Hatimaye 165, ile ya upana, ilionekana kwenye mguu wa mwadhini. Ile 13 ya mwisho, ya rimu, ilikuwa kwenye kiatu changu cha kushoto, na Bulaimu, asiyejua subira, akauchomoa ukanda palepale ili ampe Fidèle. Nilirudi nyumbani na kiatu kimoja, na nilikasirika, sifichi.

Fidèle alirudi amezungukwa na matairi mbele na nyuma, yeye mwenyewe haonekani. Kwa kuwa anamjua Bulaimu, alileta ya aina mbili achague. Aina moja ilikuwa na meno makubwa ya kukamata matope. Nyingine laini, yenye mstari mweupe ubavuni.

Bulaimu alichagua asubuhi nzima. Aliyagonga, akayanusa, akayabonyeza kwa kidole gumba. Ya meno, akasema, yatalifanya gari lifanane na bata aliyevaa buti. Ya mstari yatateleza. Akarudia kunusa.

"Baba Soraya," Hawa akamwita, "weye unachagua mipira ya motokari ao muchumba? Ibrahim alipokuya ulimuuliza maneno mbili tu!"

Tulicheka wote. Bulaimu hakucheka. Alikaa juu ya tairi moja, akatazama chini.

"Mama Soraya, nikimaliza kuchagua, mutoto anaenda."

Hapo nilimwelewa, na hasira ya kiatu changu ikaniisha. Soraya akatoka jikoni na mikono yenye unga, akainama, akaweka kiganja kwenye mstari mweupe.

"Hii njo iko muzuri, Baba."

Siku ya arusi hakuna aliyeuliza injini. Bulaimu alishika usukani amevaa kanzu nyeupe, Soraya pembeni yake, na sisi tukasukuma. Pikipiki za kumpeleka Kabambare zilikuwa zinangoja mwisho wa mji. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na kwenye kilima cha baada ya soko matairi mazuri yakafanya alivyosema Bulaimu mwenyewe: yakateleza. Gari likaanza kurudi nyuma. Vijana wa Kabambare, wenzake Ibrahim, waliovaa viatu vya kung'aa, walianguka mmoja baada ya mwingine. Sisi wenye viatu vya tairi tulikita miguu kwenye matope, mimi kimoja nimekifunga kwa kamba, na gari likasimama. Kisha likapanda.

Bulaimu akatoa kichwa dirishani, akatazama miguu yetu.

"Munaona?" akapiga kelele. "Mipira yangu ya zamani ingali inashika!"

Mwisho wa mji Soraya alishuka, akamkumbatia baba yake muda mrefu, akapanda nyuma ya pikipiki, akaenda. Bulaimu akabaki amekaa kwenye usukani akitazama barabara, nasi tukaligeuza gari. Njia ya kurudi ni mteremko, na ndani alikuwamo mtu mmoja tu, lakini wallahi lilikuwa zito kuliko wakati wa kwenda.