Mleta Salamu za Jumamosi

Filemoni Wangwe hakuwa mwongo wa kuzaliwa. Alikuwa mhudumu wa josho, mtu wa kutumbukiza ng'ombe kwenye dawa asubuhi na kurudi nyumbani ananuka dawa hiyo hiyo. Tena alikuwa balozi wa nyumba kumi, na kanisani ndiye aliyesoma matangazo. Akisema wingu lile ni la mvua, wanawake walianua wimbi, yaani ulezi wao, bila kutazama juu.

Ubaya wake ulianzia Isebania, ng'ambo ya mpaka upande wa Kenya, dukani kwa Rubeni. Mwaka 1971 Rubeni alinunua televisheni, akaiunga kwenye betri ya gari, na antena akaifunga kwenye mkaratusi mrefu kuliko yote pale senta. Sababu alikuwa nayo: Mkurya alikuwa amepata kipindi. Ryoba Mseti, mtoto wa kijiji cha akina Filemoni, aliyeondoka na litungu lake, kile kinanda cha nyuzi cha Wakurya, mgongoni kwenda kuchuma chai Kericho, sasa alikuwa Nairobi, na kila Jumamosi saa kumi na moja jioni alionekana kwenye kioo.

Mwanzoni kipindi kilikuwa nusu saa: Ryoba, litungu, na vijana wanne wa kuitikia wenye njuga miguuni. Kikapendwa. Kikawa saa nzima, wakaingia wachekeshaji, mtu wa kula moto, wasichana wa kucheza waliovaa sare, na waimbaji wageni kutoka Kisumu na Mombasa. Ryoba akavuliwa ngozi ya mbuzi akavishwa suti. Litungu likabaki la kufungua na kufunga kipindi. Katikati yote ni gitaa.

Sasa, mpiga litungu wa huku ana desturi. Wimbo ukifika katikati hulegeza mkono, nyuzi zikaendelea polepole, naye akataja watu wake kwa majina na kuwasalimu. Asiyetajwa ndio kasahauliwa, na kila mtu anajua. Wakubwa wa kipindi waliipenda sana nafasi ile. Wakaweka humo sabuni na mafuta ya kupikia, na Ryoba akawa anavitaja kwa sauti ileile ya kusalimu wajomba.

Mama yake Ryoba, Boke, hakuweza kwenda Isebania. Miguu ilikuwa imevimba, mwisho wa safari zake ni zizini. Kwa hiyo Filemoni ndiye aliyekwenda. Jumamosi alivuka mpaka, akalala kwa dada yake, na Jumapili baada ya ibada akapita kwa Boke kumsimulia. Alisimulia vizuri mno, hilo ni lazima asifiwe. Aliigiza wachekeshaji, akachezesha mabega kama wale wasichana, hadi majirani wakaacha kazi zao kuja kusikiliza.

"Na mimi je?" Boke aliuliza Jumapili moja, majirani walipokwisha kuondoka. "Alifika pale pa majina?"

"Alifika, mama."

"Akasemaje?"

Filemoni alitazama kibuyu cha maziwa mgando alichokaribishwa. Angeweza kusema ukweli, kwamba mwanao alitaja sabuni. Lakini yule mama alikuwa amejitanda kitenge kipya kwa ajili ya jibu hilo.

"Amekusalimu. Amesema mama yangu Boke, shikamoo, miguu inaendeleaje."

Boke aliinamisha uso, akamwongezea maziwa. Filemoni akamaliza maziwa akaenda zake moyo mweupe, akijiona kafanya jambo jema. Huo ndio upumbavu wake. Wiki iliyofuata ilibidi salamu iwepo tena, na ya wiki iliyofuata haikuweza kuwa ileile. Miaka ikapita hivyo. Ryoba wa Filemoni aliuliza habari za ng'ombe mwekundu, akakumbuka ugali wa wimbi, akaahidi kuja. Wakati fulani, kwa kukosa la kusema, Filemoni alimfanya aseme: "Usiondoke hapo, mama, nitakukuta palepale uliponizalia."

Mwaka 1974 ikaja operesheni. Watu wote wahamie barabarani, kwenye kijiji cha ujamaa, shule ipo, bomba linakuja. Filemoni, balozi, alipewa orodha ya nyumba zake kumi. Tisa zilihama kwa manung'uniko. Ya kumi ilikuwa ya Boke.

"Siendi," alisema. "Mwanangu alinambia asinikose hapa. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniletea neno lake."

Filemoni alirudi mara tatu. Kila mara alikwenda na ukweli mdomoni, na kila mara alirudi nao. Aliona aibu. Aliwaza kijiji kizima kikijua kwamba msoma matangazo amemdanganya kikongwe miaka mitatu, na juu ya hayo aliwaza uso wa Boke. Mara ya nne mgambo walikuwa wanasubiri njiani, nao hawakuja kubembeleza. Kwa hiyo akafanya alichokuwa amekizoea.

"Mama, jana Ryoba amesema. Amesema serikali ina nia njema, uhame, atakukuta barabarani."

"Amesema yeye?"

"Yeye."

Boke alianza kufunga vyungu papo hapo, akiimba. Kule barabarani nyumba yake ilikuwa miti iliyosimikwa na nusu ya paa. Filemoni aliezeka kwa mikono yake, siku mbili bila josho, lakini mvua za vuli hazikumsubiri amalize. Kifua kilimbana Boke siku ya tano, na siku ya kumi na moja wakamzika.

Simu ya maandishi ilipigwa Nairobi kutoka Tarime. Ryoba alifika kesho yake baada ya mazishi, amevaa suti ya kwenye kioo, na watoto waliomkimbilia walikatazwa kumkaribia. Baba yake mdogo, mzee Machage, alimpokea kwa maneno makavu.

"Mura, kijana wangu, sisi tulimwambia asubiri nyumba ikamilike. Akasema mwanawe amesema ahame. Maneno yako ndiyo yaliyomtoa kwenye nyumba kavu."

Filemoni alikuwa amekaa hatua tatu kutoka pale. Aliinuka nusu, akaketi tena. Ryoba aliangalia chini, kisha akawaangalia wazee mmoja baada ya mwingine, kama anayetafuta nani atamwambia alisema lini, hadi macho yakamkuta Filemoni kauficha uso.

"Ni kweli," alisema mwishoni. "Nilikosea. Nisameheni, wazee wangu."

Wakamsamehe, wakamkalisha, uji ukaletwa. Filemoni hakugusa wake. Mtu mwingine amebeba kosa lake mbele ya kaburi bichi, naye ameacha abebe. Hakuna siku aliyojichukia kama ile.

Jioni kabla jua halijazama, Ryoba alimkuta nyuma ya nyumba, penye fito zilizobaki.

"Ni wewe," alisema. Hakuwa anauliza.

"Ni mimi, kaka. Nitakwenda kuwaambia sasa hivi."

"Usiwaambie. Afadhali wajue nilisema vibaya kuliko wajue sikusema kitu." Akaketi juu ya zile fito, suti na yote. "Niambie nilimwambia nini."

Filemoni akamwambia. Alianza na miguu, akaja kwa ng'ombe mwekundu, ugali wa wimbi, sikukuu zote, siku Ryoba alipomtania mama yake kuhusu kitenge. Alishangaa kwamba anayakumbuka yote, tena kwa mpangilio. Ryoba alisikiliza, na mara moja au mbili alitikisa kichwa, kama mtu anayekumbushwa jambo alilolifanya kweli.

"Na yeye?" aliuliza. "Alikuwa ananijibu nini?"

Filemoni alifungua mdomo. Kila Jumapili Boke alikuwa amejibu. Alikuwa akimshika mkono na kumwambia maneno mengi, mwambie hivi, mwambie na hivi, naye akiitikia ndiyo mama, ndiyo mama, huku akili yake iko kwenye uongo wa wiki ijayo. Alitafuta hata neno moja la yule mama ampe mwanawe, na hakulipata.