Ulimi wa Oleta

Bustani ya Oleta Stidham ilikufa mbele ya macho yake majira yale ya joto. Mvua ilikataa kushuka bondeni kwetu tangu maharage yalipoanza kutoa maua. Nyanya zikapasuka zingali mbichi, mahindi yakakauka wima, na kisima kilipoanza kutoa maji ya tope Oleta akaacha kumwagilia kabisa. Mmea mmoja tu haukujali. Ulikuwa mmumunye ulioota kando ya ua wa jirani, nao ulitambaa, ukapanda juu ya ua, ukatoa majani mapana kama sinia. Huko mlimani majani ya miti yalipoanza kupukutika, wenyewe ndiyo kwanza ulikuwa unazaa. Oleta alimshukuru Mungu kwa mmea ule. Angejua, angeung'oa kwa mikono yake.

Ulitoka kwenye mbegu zake mwenyewe. Kwetu mwanamke mwenye heshima zake hanunui mbegu za mamumunye dukani; anazianika dirishani, anazihifadhi, mwakani anazirudisha ardhini. Sasa, mwaka uliotangulia jirani yake Jewell alipanda ng'ambo ya ua vibuyu vidogo vya rangi, vile vya kupambia baraza visivyoliwa na mtu. Nyuki hawana habari na mipaka. Walitoka huku wakaenda kule, na zile mbegu alizoweka Oleta zikabeba damu ya pande mbili. Kwa macho tunda lilikuwa mumunye safi, la njano, la kutamanisha. Uchungu ulikuwa ndani, uchungu wa sumu, na ukame ukauzidisha.

Kwa ajili hiyo tuna desturi yetu. Kabla mumunye halijaingia jikoni unakata kipande, unakigusa kwa ncha ya ulimi. Kikiwa kichungu unatema, unalitupa lote, hata nguruwe humpi. Mama yake Oleta alimzaba kofi utotoni kwa kusahau kulamba, na tangu hapo hakusahau tena. Hata asubuhi ya Jumapili ya chakula cha kanisani alikata, akalamba, akasubiri kidogo kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Kisha akaendelea kukata.

Hakusikia kitu. Hakuwa amesikia ladha wala harufu yoyote tangu mafua ya majira ya baridi yalipomlaza. Chumvi, sukari, kahawa, vyote vilikuwa maji ya uvuguvugu kinywani mwake. Hakumwambia mtu, maana aliogopa. Binti yake Rhonda, aliyekuwa akiishi mjini, alikuwa anatafuta sababu tu ya kumhamisha. Mara ya mwisho alipokuja alifungua friji, akaziba pua.

"Mama, maziwa yameoza! Hukusikia harufu?"

"Nilikuwa naenda kuyamwaga sasa hivi."

"Na gesi ikivuja je? Nayo utaimwaga?"

Oleta alicheka, lakini usiku kucha alilala macho wazi. Tangu siku hiyo alipika kwa kukumbuka mkono wake ulivyozoea, na kila chakula alichompa mtu kilimtia hofu.

Jumapili ile kulikuwa na chakula cha pamoja nje ya kanisa, kila mwanamke na bakuli lake. La Oleta lilijulikana: mamumunye ya kuoka na vitunguu na jibini. Alipolitua mezani Jewell alikuwa tayari kashika kiuno.

"Malkia amefika! Sisi wenzako jua limetuchoma, wewe unavuna. Unamwagilia nini, shoga, machozi?"

"Namwagilia wivu wako, Jewell. Huo hata kiangazi hauishi."

Watu wakacheka, wakapakua. Oleta akasimama pembeni kuwatazama nyuso, kama alivyofanya kila mara tangu augue. Jewell alitia kijiko kimoja mdomoni, kisha akajifuta mdomo kwa muda mrefu mno. Mchungaji alisukuma ya kwake chini ya mifupa ya kuku. Nimezidisha chumvi, alijiambia, leo watajua.

Ndipo akamwona mdogo wake Verlin, aliyekuwa amekonda, mapafu yamekwisha kwa vumbi la makaa ya mawe. Verlin alitafuna, machozi yakamlengalenga. Akainua uso, akakutana na macho ya dada yake. Akatabasamu, akala, akamaliza yote, akanyoosha sahani.

"Niongeze, Dada. Leo umejipita mwenyewe."

Oleta alimwongeza. Alifurahi kiasi cha kutaka kumbusu mbele ya watu.

Jua halijashuka, Verlin akawa anatapika kwenye ndoo nyumbani kwa Oleta. Alitapika chakula, akatapika maji, kisha damu kidogo. Oleta alimshika paji la uso, nalo lilikuwa baridi na limelowa. Jewell aliingia bila hodi, akaiangalia ndoo.

"Amekula yale mamumunye?"

"Sahani mbili. Ni mafua ya tumbo tu, Jewell."

"Mafua gani! Mimi kijiko kimoja tu, na tumbo linanikata mpaka sasa. Yalikuwa machungu kama nyongo. Ulilamba?"

"Nililamba."

"Ukasikia nini?"

Oleta alimfuta Verlin mdomo kwa kitambaa.

"Nakuuliza, shoga. Daktari naye atauliza. Ulisikia nini?"

"Sisikii kitu," alisema Oleta. "Sijasikia kitu tangu baridi."

"Tunajua!" Jewell alipiga kelele huku analia. "Tangu baridi unatulisha chumvi kama ng'ombe, tunameza, tunasema asante. Nani angekuaibisha mezani?"

Hiyo ndiyo adabu ya kwetu, na inanikera. Watu wazima wanakaa na sumu mdomoni, wanaificha chini ya mifupa, kisha wanamsifu mpishi. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Jamani, temeni." Na yule aliyempenda kuliko wote ndiye aliyemeza yote.

Jewell aliendesha gari kwenda hospitali kama mwizi anayefukuzwa. Mlangoni Oleta alimsimulia daktari kila kitu kwa sauti, ulimi wake, mbegu, vibuyu vya jirani, watu wakimsikiliza. Alikuwa ameogopa sana kuyasema, na sasa hakuyaogopa hata kidogo. Hofu yote ilikuwa imehamia nyuma ya pazia walikomlaza Verlin, ambako mashine ililia, ikanyamaza, ikalia tena.

Walimruhusu kuingia baada ya saa nyingi. Verlin alikuwa mweupe kama shuka.

"Yalikuwa machungu?"

"Sana, Dada."

"Sasa ulikula yote ya nini, mpumbavu wewe?"

"Ulikuwa unaniangalia."

Verlin alirudi nyumbani akiwa hai, ila mwepesi kama mtoto. Rhonda alikuja, akafagia, akamkumbatia mama yake, na habari ya kuhama hakuitaja. Oleta alijua ataitaja. Mmumunye ule waliung'oa wote, naye Jewell akaving'oa vibuyu vyake bila kuambiwa. Mvua ikaja hatimaye, na mmumunye mwingine uliodhaniwa umekufa, wa mbegu alizopewa na binamu yake wa bonde la pili, ukazaa tunda moja.

Oleta alilichuma, akalikata palepale bustanini, akalileta barazani, akampa Verlin kipande.

"Wewe ndiwe ulimi wangu sasa. Lamba, useme kweli."

Verlin alilamba. Kisha, kabla hajajibu, akainua macho na kumtazama dada yake usoni, akatabasamu.

"Tamu, Dada."

Oleta alikumbuka tabasamu lile lile, sahani iliyonyooshwa, ndoo yenye damu. Akamnyang'anya kipande, akalitupa tunda lote kwenye shimo la takataka.

"Dada! Haki ya Mungu lilikuwa tamu!"

"Huenda," alisema Oleta. "Lakini ungesema hivyo hivyo."